Ncha Imelika Upande

Niliikuta Langoni, kwa Famau mnunua vyuma,
ndani ya kopo la maziwa ya unga
pamoja na bawaba, vitasa, gurudumu la cherehani
na funguo za milango ambayo haipo tena.
Alikuwa anapima shaba. Hakuinua uso.
"Hiyo? Takataka hiyo. Twaa, hamsini."

Nilimpa mia, nikaondoka kabla hajajiuliza.

Wenye maradhi haya tunajuana.
Hata misibani tunatazama mifuko ya mashati.
Tunawaamkia makarani wastaafu kwa adabu iliyozidi,
tukisubiri walitamke lile neno: droo.
Mke wangu Mwanakheri ana hesabu yake:
kalamu za wino arubaini na moja nyumbani,
na orodha ya sokoni bado anaandikiwa kwa biki.

Ilikuwa nyeusi, zamani. Jua limeigeuza
rangi ya tende iliyosahauliwa sahanini.
Wenzo umeganda. Kifuniko kina ufa wa unywele.
Kifuko cha mpira, ndani, kimekuwa unga,
nikakitoa kwa sindano, chembe kwa chembe,
kama mtu atoaye mwiba
mguuni pa mtoto aliyelala.

Kisha maji. Usiku wa kwanza, kimya.
Wa pili, uzi mmoja wa buluu
ulishuka ukajikunja chini ya glasi,
nami nikakaa nikiutazama hadi chai ikapoa:
salamu ambazo mtu alizibakisha,
au jumla tu ya mchele na samli.
Wino ukishaingia majini hauna siri.
Hauna habari pia.

Kifuko kipya kilitoka Mombasa kwa basi,
ndani ya kibiriti. Gundi. Siku mbili za kungoja.
Nikausugua mwili kwa kipande cha kikoi
hadi jina likajitokeza ubavuni,
limechongwa dukani kwa herufi za Kizungu: LALI.
Basi. Lali wa nani? Amu ina Lali wangapi?

Nikaandika jina langu. Ikakwaruza.
Nikaandika tarehe. Ikakwaruza, ikadondosha tone, ikagoma.
Kwenye lenzi nikaona: ncha imelika upande,
upande usio wake,
kama kisigino cha kiatu cha mtu achechemeaye.
Msasa laini, dakika tano, ingenyooka,
ingekuwa kama zote.
Mtaliano wa Malindi alishataja bei,
na bei yake ni ada ya muhula mzima.

Msasa ulikuwa kidoleni tayari
aliponijia Maalim Shekuwe wa chuoni
akinigeuza kiwiko:
"Anzia huku, mwanangu. Isukume. Usiivute."

Nikaivuta karatasi, nikaanzia kulia.
Lamu.
Alifu.
Lamu tena, na ye mkiani.
Lali. Bila mkwaruzo hata mmoja.

Miaka thelathini sijaziandika herufi hizi,
zilitoka zimelewa, za mtoto,
lakini kila mkono ulipobabaika
ncha ilikuwa imeshafika, inaningoja.
Kadhi, au muuza samli, hilo halinihusu,
mtu alikipeleka Kiswahili chake kushoto
siku kwa siku, mstari kwa mstari,
hata dhahabu ikakubali.

Msasa nimeurudisha sandukuni.
Mtaliano nimemwambia ufa umezidi.
Uongo mdogo; nitautubia.

Leo nimeandika orodha ya sokoni kwayo,
nikidhani nitamchekesha tu Mwanakheri.
Hakucheka. Akapitisha kidole toka kulia,
polepole, mchele, bizari, ndimu,
akasimama.
"Umesahau nukta. Hapa wataka nazi au nari?"

Sikujua kama ajua.
Miaka kumi na tisa chini ya dari moja.

Akanipokonya kalamu, akatia nukta,
akaendelea kuandika:
chumvi, na viberiti, na kitu kingine
ambacho bado nakisoma.